Moyo Ndio Wenye Tundu, Jina Halina

Naikumbuka asubuhi ile mjini Musoma, daktari aliponiwekea kisikilizio chake cha baridi kifuani, akasikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena, kisha akaniuliza kama nimekuja nikikimbia. Nikamjibu hapana, nimekuja taratibu, na nimekaa kwenye benchi lake tangu alfajiri. Akanyamaza. Mwanangu, daktari anayeongea hatishi. Anayenyamaza ndiye anayetisha.

Kabla sijaendelea, nikueleze kwa nini nakuita mwanangu, maana huenda umri wangu na wako haujapishana, na huenda hata umenizidi. Nina miaka ishirini na saba. Lakini kwetu Butiama mtu huzaliwa na umri wa jina lake. Mimi nilipewa jina la bibi mzaa baba, Nyangeta, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo tangu nikiwa nafungwa mgongoni, baba yangu ananiita mama. Shangazi yangu, dada yake baba, ananiita mama. Babu ananiita mke wangu, na ugali ukichelewa ananitishia kuoa mwingine. Nimekuwa mama wa watu wazima kabla ya kuota meno. Usidhani heshima hiyo ilinipunguzia kazi. "Mama, osha vyombo," shangazi huniambia. "Mama, mbona umeunguza dagaa?" Basi nivumilie. Aliyezoea kuitwa hivyo tangu utotoni hajui kuzungumza na mtu kwa namna nyingine.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo na nakaa kwa shangazi Musoma, yeye akiuza dagaa sokoni, mimi nikisubiri ajira. Kusubiri ajira ni kazi yenyewe, anayeifanya anajua. Mungu si Athumani, nikapata nafasi ya kufundisha sayansi kwenye shule moja ya Suguti, na wakaniambia nipimwe afya kwanza. Nikaenda nikidhani nitaulizwa kuhusu macho na malaria.

Ni kweli nilikuwa nachoka upesi. Nikipanda kilima napumua kama mtu aliyebeba gunia. Lakini nilikuwa nimezoea kujiambia kuwa mimi ni mtu wa vitabu, na watu wa vitabu hawana pumzi. Mtu akikaa na jambo tangu kuzaliwa, analiona ni sehemu ya tabia yake.

Daktari akanituma kwenye kipimo cha picha ya moyo. Nikalazwa ubavu, nikapakwa mafuta baridi, nikauona moyo wangu kwenye kioo ukifungua na kufunga kama samaki anayemeza maji. Kisha akanieleza kwa upole. Moyo una vyumba vinne, akasema, na ukuta unaotenganisha viwili vya juu, kwangu mimi, una tundu. Nilizaliwa nalo. Damu inapita mahali pasipo njia, na kwa sababu hiyo upande wa kulia umeanza kutanuka kwa kazi isiyo yake. Bado haujaharibika, ila usiachwe. Dar es Salaam kuna wataalamu wa kuliziba, na mara nyingi hawapasui kifua. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wanafungua kifaa kama mwavuli mdogo, kinaziba. Akaniandikia rufaa, na baada ya siku chache nikapigiwa simu kuwa nimepangiwa mwezi wa saba.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akaniambia wakati natoka, na akacheka mwenyewe, maana nadhani alikuwa amewaambia wengi.

Sasa lazima ujue mimi ni mtu wa namna gani. Chuoni wenzangu walikuwa wanasema kwamba mtu akiniuliza saa, nafikiria kwanza kwa nini ameniuliza mimi. Wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili, na kwa kipimo hicho mimi ningekuwa profesa. Nikirudi kutoka hospitali siku ile, kabla sijafika nyumbani, nilikuwa nimeshapanga ni nani atakayerithi viatu vyangu, nimeshamhurumia mwanamume ambaye hajanioa bado, na nimeshajiuliza kama nikicheka sana tundu litapanuka. Nikaanza kutembea kama niliyebeba yai kifuani. Nikilala upande wa kushoto nauhisi moyo. Nikigeukia kulia nauhisi vilevile. Nikilala chali nawaza kwa nini siuhisi.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mwiko. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama linazibika. Nikasema linazibika. "Basi kaa ule," akasema. Ila nilimwona amegeuka, anakoroga sufuria ambayo hata maji haikuwa nayo.

Habari njema hutembea, mbaya hupanda pikipiki. Siku mbili hazijaisha, simu ikapigwa kutoka Guta, kwa baba mkubwa. Huyo ni kaka mkubwa wa baba yangu, analima pamba, anafuga, na ni mzee wa kanisa anayejua kuomba mpaka kuku wanatulia. Ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema ili usije ukamwona vibaya kwa hayo yanayofuata. Alituita wote Guta, baba akaja kutoka Butiama, mimi na shangazi tukatoka Musoma, tukakaa sebuleni kwake kati ya marobota ya pamba.

Baba mkubwa akafungua kwa sala, kisha akafungua kwa swali. Je, tunakumbuka mama yao alikufaje? Wote wakainamisha vichwa. Bibi Nyangeta alianguka shambani siku ya palizi, bado mama wa makamo, na hakuinuka tena. Hapakuwa na homa wala jeraha. Watu walisema la kusema. Na sasa, baba mkubwa akaendelea, huyu aliyepewa jina lake anaambiwa moyo wake umetoboka. Je, hilo si jambo linalojieleza? Jina limekuja na mzigo wake. Kwanza tumvue jina, tumpe lingine, ndipo hospitali ifuate; vinginevyo wataziba huku, litatoboka kule.

Mwanangu, usicheke. Kwetu jina si kitambulisho. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee hukaa wakaita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Ina maana mwenye jina amemkubali. Mimi nilinyamaza kwa Nyangeta. Niliambiwa hadithi hiyo mara nyingi hata nikadhani naikumbuka. Kwa hiyo maneno ya baba mkubwa hayakuwa ya kipuuzi kwa mtu yeyote mle ndani, na mimi mwenye shahada ya sayansi nikajikuta nawaza kwamba huenda ana hoja.

Alikuwa hata na jina tayari. Niitwe Nyabise, kama shangazi yake babu, aliyezeeka mpaka akasahau watoto wake lakini hakusahau tumbaku yake ilipo. "Huyo alikuwa na moyo," baba mkubwa akasema. "Huyo hata kifo kilimsahau."

"Mnataka mtoto avute tumbaku?" shangazi akauliza.

Kulikuwa na shida moja. Jina huitwa na mkubwa wa ukoo, naye ni babu, kule Butiama, na ukoo wote uwepo. Lakini ilikuwa msimu wa kuvuna pamba, watu wako mashambani, wengine Kibara kwenye mitumbwi. Ingebidi kusubiri pamba iuzwe, yaani mwezi wa tisa. Na hospitali? Hospitali ipigiwe simu, isogeze mbele. Kwani hilo tundu, baba mkubwa akauliza kwa sauti ya huruma kabisa, si amekaa nalo miaka yote hii?

Shangazi aliwaka. Alisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa linaloumia si tumbo. Daktari amesema mwezi wa saba, foleni ya pale si ya kisimani kwamba ukiondoka jirani atakushikia ndoo. Baba yangu alikuwa anapindua kofia yake mikononi. Kisha wote wakanigeukia. Baba akaniuliza, "Mama, wewe unasemaje?"

Nitakuambia nilichohisi. Nilihisi nafuu. Kwa siku zile zote nilikuwa nimeuogopa ule mrija kuliko tundu lenyewe. Nilikuwa nimejiuliza itakuwaje taa zikizimika mrija ukiwa ndani. Itakuwaje kifaa kikifunguka kabla ya kufika. Itakuwaje nikiamka nikiwa mtu mwingine. Na sasa wazee wangu wananipa sababu ya heshima ya kutokwenda. Nikasema mimi ni mtoto, nitafuata watakaloamua wakubwa. Shangazi akanitazama. "Leo ndiyo umekumbuka kwamba ni mtoto?" akaniambia. "Siku zote ni mama."

Ikakubalika kwamba twende Butiama kumjulisha babu, maana jina haliwezi kuvuliwa bila yeye, na huko huko tupange siku. Tulilala Guta, asubuhi tukaondoka.

Babu yangu ni mzee mrefu, mkavu, meno machache lakini maneno mengi. Alikuwa zizini anakamua. Alipotuona hakuuliza habari za safari. Alinitazama mimi akaniuliza kama nimekuja kupika au nimekuja kutembea tu kama wake wa siku hizi. Baba mkubwa akaeleza yote, kwa adabu, toka mwanzo hadi mwisho, babu akiendelea kukamua. Alipomaliza, babu akasema ameyasikia. Akaniambia, "Mke wangu, chukua ndoo. Twende kisimani."

Shangazi akasema kuna maji ya bomba. Babu akasema ya bomba hayana ladha.

Ukiifahamu Butiama unajua mawe yake. Nyumba yetu iko juu, na kisima cha zamani kiko chini, na njia inapita kati ya majabali makubwa kama ng'ombe waliolala. Kushuka ni raha. Babu alinisimulia njia nzima habari za dume lake jipya ambalo linaogopa mbuzi. Tulijaza ndoo nusu, akanikataza nisiijaze, akaibeba mwenyewe. Mtu wa miaka themanini na ushei. Nilimnyang'anya, akakataa, tukavutana hadi maji yakamwagika kwenye viatu vyangu, akasema sasa umeoga, asante.

Kupanda ndiko kulikonishinda. Tulipofika katikati, penye jabali pana lenye ubapa kama meza, kifua kikanibana, nikasimama. Nikashika jiwe. Nikasema, babu, nasubiri kidogo nitoe jiwe kwenye kiatu.

Babu naye akasimama. Akaitua ndoo. Akalitazama lile jabali kwa muda mrefu, halafu akanitazama mimi, na nikaona uso wake haufanyi utani tena.

"Hapa hapa," akasema. "Na yeye alikuwaga anasimama hapa hapa."

Sikuelewa.

"Bibi yako. Mtungi kichwani, anashika jiwe hili hili. Wenzake wanampita wanamcheka. Wanamwita mke wa kupumzika. Na yeye anajibu kwamba ana mwiba mguuni." Akakaa kwenye lile jabali, akanipigapigia nafasi pembeni yake. "Kila siku mwiba. Miaka mingi, mwiba. Hatukuwa na mtu wa kumsikiliza kifua, mke wangu. Ilikuwa zamani, hapakuwa na hicho kioo chenu. Kama ulivyo wewe leo, ndivyo alivyokuwa. Tofauti ni kwamba wewe umesikilizwa."

Nikakaa. Upepo ulikuwa unatoka upande wa ziwa. Nikamwuliza jambo lililokuwa linanikaba tangu Guta: kwa hiyo ni kweli, nimerithi kifo chake?

Mwanangu, nimefundishwa na walimu wengi, wengine wana vyeo ambavyo kuvitamka tu ni mtihani. Ila karipio lililonitengeneza nililipata pale juu ya jiwe, kutoka kwa mzee mwenye ndoo nusu ya maji.

"Labda umerithi moyo wake," akasema. "Kifo hakirithiwi, kila mtu anapewa chake. Sasa sikiliza. Moyo ndio wenye tundu. Jina halina. Nyie mnataka kuziba jina, moyo mnauacha wazi. Mnaziba paa la jirani, kwenu mnanyeshewa. Na wewe uliyesoma, unakubali, kwa sababu unaogopa sindano, unajificha nyuma ya mgongo wa marehemu. Nilimzika Nyangeta mmoja bila kujua. Wa pili mnataka nimzike huku najua?"

Nilianza kulia. Nikamwambia lakini mimi mwenyewe ndiye niliyelichagua jina, nilinyamaza lilipoitwa, kwa hiyo bibi ndiye aliyenitaka.

Babu akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi ndiye niliyekuwa naita," akasema. "Ulilia tangu kuku wanapanda mtini. Nikaita wa upande huu, nikaita wa upande ule, sauti ikanikauka. Ulinyamaza kwa sababu ulichoka, mtoto wa watu. Na mimi nikashukuru, kwa sababu ndilo jina nililokuwa nalipenda. Nililiweka mwishoni makusudi."

Sijui kama unaweza kuielewa furaha ya wakati ule. Nilikuwa nalia na nacheka kwa pamoja, na moyo wangu mbovu unapiga ngoma, na kwa mara ya kwanza tangu Musoma sikuusikiliza. Miaka ishirini na saba nilidhani nilichaguliwa na marehemu. Kumbe nilichaguliwa na mtu aliye hai, aliyetaka kuendelea kulitaja jina la mke wake kila asubuhi bila watu kumwona mwendawazimu.

Tuliporudi juu, alimwita baba mkubwa na wengine, akasema jina ataliita. Baba mkubwa akafurahi. Akauliza aite watu lini. Babu akasema hakuna haja ya watu, ataliita sasa hivi, pamba ikae shambani. Akachukua maji yale ya kisimani, akanywa funda, akanipulizia kifuani kama wazee wamfanyiavyo anayesafiri, akasema kwa sauti ambayo hata ng'ombe waligeuka:

"Nyangeta. Nenda, uzibwe, urudi."

Halafu akamwambia baba mkubwa kwamba kama kuna mtu anataka kuitwa Nyabise, tumbaku ipo ndani.

Nilidhani baba mkubwa atakasirika. Akavua kofia, akasema mzee amenena, na mkubwa akishanena mdogo hana lingine. Kisha akapiga magoti pale pale zizini, kwenye samadi, na suruali yake ya safari, akaomba sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia, akiwataja madaktari wa Dar es Salaam ambao hawajui hata majina, akawaombea mikono isitetemeke na umeme usikatike. Lile la umeme nilijibu amina kwa nguvu sana.

Gharama ukoo uliibeba na bima ikasaidia, na sitazieleza hapa, maana mzigo uliobebwa kwa mapenzi hauhesabiwi mbele za watu. Nilisafiri na baba. Yeye aliogopa kuliko mimi. Tulipofika mapokezi, muuguzi akamwuliza mgonjwa ni nani yake. Baba, kwa hofu, akajibu kama alivyozoea nyumbani: "Ni mama yangu." Muuguzi akanitazama, akamtazama mzee mwenye mvi, akauliza mama yuko wapi. Baba akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Ndiye mama." Ilichukua muda kueleweka, na kabla ya jioni wodi nzima ilikuwa inaniita bibi. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Lindi, naye ana tundu kama langu, na amejifungua watoto wanne bila kujua kwamba analo. Aliponiona natetemeka alinitania kwamba bibi mzima anaogopa kwenda kwa wajukuu wake, madaktari. Tulicheka. Nikagundua kwamba kucheka hakupanui tundu.

Kazi yenyewe sikuiona. Nililala, nikaamka koo limekauka, paja limefungwa bandeji, na baba amekaa kwenye kiti ameshika viatu vyangu viwili kifuani kama mtoto. Aliniuliza najisikiaje. Nikatulia, nikatafuta cha kuogopa, sikukipata mara moja. Nikamwambia nina njaa. Akatoka mbio kwenye korido akimwambia kila anayekutana naye kwamba mama ana njaa.

Sikupona siku ile kama kwenye sinema. Nilipewa dawa za miezi kadhaa, nikakatazwa kubeba vitu vizito kwa muda, nikaambiwa nirudi kupimwa, na bado narudi. Hofu nayo haikuzibwa na ule mwavuli. Bado kuna siku moyo unaruka kidogo na mimi naanza kugawa viatu vyangu tena. Lakini upande wa kulia unarudi kwenye ukubwa wake, daktari alinionyesha mwenyewe, na muhula uliofuata nilikuwa Suguti nimesimama mbele ya darasa, nikiwafundisha watoto vyumba vinne vya moyo. Hilo somo nalifundisha vizuri kuliko yote.

Krismasi ukoo ulikutana Butiama. Baba mkubwa alileta dume, siyo lile linaloogopa mbuzi. Nikakuta amebadilika, daktari alikuwa ameshauri ndugu nao wapimwe, na katika wote yeye ndiye aliyetangulia kwenda, akasikilizwa, moyo wake hauna tundu ila akakutwa na presha. Sasa ndiye polisi wa chumvi. Alizunguka sufuria zote akionja na kulalamika hadi shangazi akamfukuza jikoni na mwiko. Jioni mpiga litungu akaja, nyuzi zikalia, wanawake wakaanza kutikisa mabega. Mimi siku zote nilikuwa nacheza wimbo mmoja kisha nakaa, nikisema viatu vinanibana. Safari hii nilicheza, wimbo ukaisha, nikacheza mwingine, na mwingine, vumbi likapanda, shangazi akachoka akatoka, binamu zangu wakatoka, mimi bado nimo. Nilimtazama babu. Alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, anafuta uso kwa kiganja.

"Kaa chini sasa, mke wangu," akasema. "Unanitia aibu. Watu watadhani mgonjwa ni mimi."

Basi mwanangu, sikiliza nikuambie nililolipata.

Mwili wako ukisema jambo, usiutafutie mwiba wala jiwe kwenye kiatu. Nenda ukasikilizwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nawe huna sababu ya kusubiri kuumbuliwa wakati benchi la hospitali lipo. Na ukiambiwa una kasoro uliyozaliwa nayo, usikae kuuliza ni ya nani, imetoka upande gani, nani alaumiwe. Waliotangulia walibeba wasichokijua. Wewe umepewa kujua, na kujua ndiko walikokukosa wao. Ukikutumia, umewaheshimu.

Kama wewe ni mtu wa kuwaza sana kama mimi, sitakuambia uache, maana hata mimi nimeshindwa. Waza, ila waza huku unatembea kuelekea hospitali. Hofu haikatazi miguu kwenda. Nao watu wako wakikupa sababu nzuri ya kuahirisha, na ndani yako ukasikia nafuu, iogope nafuu hiyo kuliko sindano. Usiwadharau kwa hilo. Wanakupenda kwa lugha wanayoijua. Mtafute yule mmoja katikati yao atakayekuambia ukweli, umsikilize, kisha uwabebe wote kwenye safari yako, kwa sababu siku ya kuamka utahitaji wa kukushikia viatu.

Nenda, mwanangu. Kifua chako kiwe chepesi. Pumzi yako ikufikishe juu ya kila kilima unachokipanda na ikubakishie ya kucheka ukifika. Wakutibuo mikono yao iwe tulivu. Wakupendao wakuchoshe kwa kukuita. Uzeeke, ukose meno, uwe na maneno mengi, na jina lako, hata liwe la nani, alipewe mtoto utakayembeba mwenyewe mgongoni.